Friji iliyokuwa inapona umeme ukikatika

Masika ya mwaka huu nyumbani kwetu Kigamboni kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anaombea umeme ukatike. Mke wangu. Umeme ukienda kutwa nzima, ukirudi usiku friji inafanya kazi kama imetoka dukani jana: maji yanapoa mpaka meno yanauma, maziwa hayachachi, na barafu za ubuyu anazowauzia watoto wa shule zinakuwa ngumu kama jiwe. Inaenda hivyo siku tano, sita. Halafu inarudia tabia yake. Chini kunakuwa vuguvugu, juu kwenye friza ubuyu unageuka uji, na kwa nyuma unatoka mlio wa krrr, krrr, kama panya anaguguna ubao.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, mwaka wa 22 sasa. Friji si fani yangu. Ya kwetu ni mtumba, milango miwili, ile aina isiyogandisha barafu ukutani, na ilipoanza kusumbua nilifanya kama anavyofanya mtu yeyote: nikaita fundi friji. Akaja, akashika bomba la nyuma, akaweka sikio kwenye kompresa, ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi, akasema, "Gesi, mzee wangu. Imepungua." Akaipakia kwenye guta, akakaa nayo siku mbili kijiweni, akairudisha. Elfu tisini. Ikapoza vizuri sana. Wiki ikapita, krrr, krrr. Nikampigia. Akaja akasikiliza tena, safari hii akatikisa kichwa: "Basi kompresa imechoka."

Hapo ndipo nilipoanza kumuuliza mke wangu vizuri habari za umeme kukatika, badala ya kumcheka. Maana gesi ya friji haiishi kama petroli. Inazunguka kwenye mabomba yaliyozibwa, leo, kesho, miaka. Ikipungua ujue kuna tundu, na gesi iliyotokea tunduni hairudi ndani kwa sababu mtaa umekosa umeme. Kompresa iliyochoka nayo haipumziki siku moja ikarudi ujana. Kitu pekee kinachobadilika friji ikizimwa kutwa ni kwamba barafu inayeyuka. Na kule kijiweni, siku mbili zote, friji ilikuwa imezimwa, milango wazi. Elfu tisini yangu ililipa kuyeyusha barafu.

Simlaumu sana. Mtu akiletewa friji kumi zisizopoza, nyingi kweli zitakuwa na shida ya gesi, na mkono unazoea. Hata mimi amplifaya ikija imekufa, kabla sijaifungua nimeshazihukumu transista za mwisho, zile zinazoendesha spika.

Niwaeleze kidogo zile friji zinavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo hadithi yote haina maana. Nyuma ya ukuta wa plastiki wa friza kuna koili, bomba la alumini lililokunjwakunjwa lenye mapezi membamba membamba, na juu yake feni. Baridi yote ya friji, ya juu na ya chini, inatoka kwenye koili ile. Feni inaisukuma, nyingine inabaki friza, nyingine inashuka kwa njia ya hewa mpaka kwenye mboga. Sasa kila ukifungua mlango, hewa ya nje inaingia na unyevu wake, na hewa ya Kigamboni mwezi wa nne ukiikamua kama nguo unapata maji. Unyevu huo unaganda kwenye mapezi. Kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa friji inazima kompresa na feni, inawasha hita iliyopo chini ya koili, inayeyusha ile barafu, maji yanashuka kwa mrija mpaka kwenye trei iliyo juu ya kompresa na kukaukia huko. Hita izime saa ngapi? Hilo bodi, ubongo wa friji, haiwezi kulijua yenyewe. Inaambiwa na sensa, kitu kidogo kama punje ya haragwe, kimebanwa kwenye koili, chenye nyaya mbili. Koili ikifika nyuzi kadhaa juu ya sifuri, sensa inasema tayari, hita inazima.

Hiyo punje ikisema tayari kabla ya wakati, barafu inabaki. Kesho inaongezeka juu ya ile ya jana. Baada ya siku tano mapezi yote yamezibwa, hewa haipiti, na feni inaanza kukwaruza barafu. Ndiyo ile krrr.

Jumamosi nikachomoa plagi, nikahamishia mboga kwa jirani, nikafungua skrubu mbili zilizofichwa chini ya vifuniko vya plastiki. Ukuta haukutoka. Ulikuwa umeshikwa na barafu kwa nyuma kama umepigwa gundi. Mwanangu, wa darasa la saba, akaniletea kisu cha jikoni. Nikamwambia akirudishe haraka. Jirani yetu mmoja aliwahi kuparua barafu kwa kisu, alumini ikasema psss, na friji ikawa kabati la vyombo mpaka leo. Tena kwenye kibandiko cha nyuma ya hii yetu imeandikwa R600a, pamoja na alama ya moto. Hiyo ni isobutane, ndugu mmoja na gesi tunayopikia. Si nyingi humo ndani, lakini cheche haihitaji nyingi.

Tukaweka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza, tukafunga mlango, tukatandika madaftari ya zamani na mataulo sakafuni, tukabadilisha maji kila nusu saa. Ilipofika alasiri ukuta ukaachia wenyewe. Nilichokiona nyuma yake sikuwa nimekitegemea: koili haionekani. Kipande kimoja cha barafu cheupe, kinene kama tofali, kimemeza mapezi, bomba, hita na nusu ya feni. Mke wangu alichungulia akasema, "Kumbe barafu ipo. Basi tu haitaki kuuzwa."

Barafu ilipokwisha nikaleta mita yangu ya kupimia umeme. Kwenye kupima nilijiona niko nyumbani. Fyuzi ya joto, ile iliyofungwa pamoja na hita ili isije ikaunguza friji, inapitisha. Hita yenyewe, upinzani wake kwa umeme ni omu 290. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kama wati 180, hita nzima kabisa. Feni inazunguka kwa kidole bila kukwama. Tundu la maji nikalimiminia kikombe, yakashuka mpaka kwenye trei bila shida. Ikabaki sensa. Nikachomoa soketi yake, nikapima: kilo-omu 4.2.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa la kijinga, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Sensa hizi upinzani wake unapungua zikipata joto na kupanda zikipoa. Zinatajwa kwa kipimo cha nyuzi 25: kuna za 5K, yaani kilo-omu 5, kuna za 10K, na nyinginezo. Chumba chetu mchana ule kilikuwa kwenye nyuzi 30. Sensa ya 5K kwenye nyuzi 30 inatakiwa isome hapo hapo, kilo 4 na ushee. Nikafurahi. Nikasema, hii ni ya 5K, na inaonekana imechoka kidogo tu, acha niibadilishe. Sikuipima kwenye baridi. Mtu anayepima kipaza sauti kwa kukipigia muziki, anaipima sensa ya baridi kwenye joto la chumba na kuridhika.

Jumatatu nikapanda pantoni, nikashuka upande wa mjini, daladala mpaka Kariakoo, nikaingia maduka ya mtaa wa Gerezani. Duka la tatu wakanipa sensa ya 5K yenye waya mrefu, elfu sita. Nilimuonyesha muuzaji ile ya zamani, akaigeuza mara moja, akasema, "Chukua tu kaka, hizi zote zinaingiliana." Nakubali kwamba nilitaka kumwamini.

Kuifunga kunataka uangalifu kuliko kuipima. Waya ndani ya friza unalowa na kuganda, unalowa na kuganda, kila siku. Ukiunga kwa kusokota na kuzungushia selotepu nyeusi, umeanza kuandaa tatizo la mwakani. Nililehemu kila waya peke yake kwa risasi, maungio mawili yasikae usawa mmoja, nikavalisha kila moja mpira ule unaosinyaa kwa moto, nikajaza silikoni, kisha mpira mwingine mpana juu ya vyote. Sensa nikairudisha palepale ilipokuwa, imelala juu ya bomba la koili, nikaikaza kwa kamba ya plastiki. Ikikaa hewani inapima hewa, na hewa si koili.

Nikafunga. Ikapoza. Nikatembea kifua mbele siku tano.

Siku ya sita, alfajiri, mke wangu akanigusa bega. "Fundi," akasema, na hajawahi kuniita hivyo tangu nimuoe, "friji yako inakuita." Krrr.

Sikufungua chochote siku hiyo. Nilitaka kwanza niione hita ikifanya kazi, ila hita iko nyuma ya ukuta na huwezi kuiona friza ikiwa imefungwa. Nikakumbuka mita ya Luku, ile ya umeme wa kulipia kabla. Ina taa nyekundu inayokonyeza, na kwenye uso wake yameandikwa maandishi madogo kwamba inakonyeza mara 1000 kwa kila yuniti moja. Ukipiga hesabu, kitu cha wati 180 kitaikonyezesha takriban kila sekunde 20. Kompresa yetu, yenye wati kama 120, kila sekunde 30.

Basi saa mbili usiku nikazima nyumba nzima, feni, taa, chaja zote, nikaacha friji peke yake. Mimi na mwanangu tukakaa kibarazani chini ya mita, yeye ana daftari na saa ya simu, mimi nina upande wa khanga wa kufukuzia mbu. Mke wangu ndani anauliza kila nusu saa kama tumeshaiona hiyo sensa, maana joto linamuua. Kila sekunde 30, konyezo. Saa tano kompresa ikapumzika, ikarudi. Mtoto akasinzia, nikamchukua daftari. Saa saba na dakika 40 kompresa ikanyamaza, feni nayo ikanyamaza, na nyumba ikawa kimya mpaka nikasikia mawimbi. Kisha taa ikakonyeza. Nikahesabu: ishirini. Konyezo. Ishirini tena. Hita imewaka!

Nikamwamsha mtoto aje aone. Tukahesabu pamoja: 13, 14, 15. Halafu giza. Tukasubiri dakika nzima, hakuna. Konyezo 15 kwa sekunde 20 ni dakika tano. Dakika tano za wati 180 kwa tofali lile la barafu ni sawa na kumpulizia mtu uji wa moto kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo hita nzima, bodi inaiwasha kwa wakati wake, ila kuna anayeizima mapema. Na anayeizima ni sensa yangu mpya ya elfu sita.

Asubuhi nikafanya jambo nililopaswa kulifanya Jumamosi ile ya kwanza. Friji hii ina sensa nyingine upande wa chini, kwenye mboga, nyuma ya kifuniko kidogo. Hiyo haijawahi kusumbua, na kwa umbo ni pacha wa ile ya juu. Nikaichomoa soketi yake, nikaiacha ishike joto la chumba, nikapima: kilo-omu 8.3. Nikakaa chini. Kwenye nyuzi 30, hiyo ni sensa ya 10K. Ya juu nayo ilikuwa ya 10K tangu mwanzo, ikaharibika mpaka ikasoma nusu yake, na mimi nikaamini ni 5K nzima. Nilimuuliza mwongo jina lake, akanitajia la mtu mwingine, nikaliandika.

Ile mbovu nilikuwa sijaitupa (mafundi redio hatutupi kitu). Nikaomba barafu kwa jirani, nikaiponda, nikajaza glasi, nikaongeza maji kidogo tu, nikakoroga. Barafu iliyopondwa na maji yakikorogwa vizuri ni nyuzi sifuri, hakihitajiki kipimajoto. Kila sensa nikaivisha kifuko cha barafu za ubuyu ili maji yasipande kwenye nyaya, nikaizamisha dakika tano. Pacha mzima wa chini: kilo-omu 28.6. Ile mpya ya 5K: 14.2. Ile mbovu: 8 na kitu, tena nambari haitulii, inapanda na kushuka kama inapumua.

Nambari hizo tatu zilinieleza yote. Sensa nzima ya aina hii, ukiitoa kwenye nyuzi 30 ukaiweka kwenye sifuri, inapanda zaidi ya mara tatu. Ile mbovu ilipanda mara mbili tu. Ningekuwa na glasi hii Jumamosi ile ningejua ndani ya dakika tano kwamba hiyo si 5K wala si kitu. Na ile mpya, japo nzima, bodi haijui kwamba imebadilishiwa. Bodi inasoma kwa jedwali la 10K. Koili ikiwa kwenye hasi 5, barafu bado ngumu kabisa, 5K inatoa kilo 18 hivi, na kwenye jedwali la 10K hiyo ni nyuzi 10 juu ya sifuri. Bodi inasema asante, inazima hita.

Ile mbovu nikaipasua kwa koleo. Gamba la plastiki lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pale waya unapoingilia. Ndani, unyevu, na kutu ya kijani ya shaba kwenye miguu yote miwili. Maji yale yalikuwa yamejifanya waya wa tatu, umeme unapita pembeni, upinzani unashuka, na sensa inaripoti joto ambalo halipo.

Nikarudi Kariakoo. Nilizunguka nusu siku, 10K haipo. Zipo za 5K tele, na yule yule kaka wa zinaingiliana. Nikiwa kwenye foleni ya pantoni ya kurudi, mikono mitupu, ndipo utoto wa kazi yangu ukanijia: resista (vipinga umeme, kama sensa hizi) mbili ukizifunga mfuatano zinajumlishwa. 5K mbili mfuatano ni 10K. Na kwa kuwa ni za aina moja, zitapanda na kushuka pamoja, jumla yake mara mbili ya kila moja, kwenye baridi yoyote. Nikatoka kwenye foleni, nikarudi Gerezani, nikanunua ya pili. Muuzaji akauliza kama ile ya kwanza imekufa. Nikamwambia hapana, inahitaji mwenzake.

Nyumbani nikaziunga, nikazitia zote mbili kwenye glasi moja: 28.5. Pacha wa chini alisoma 28.6. Sikuwahi kufurahia nambari namna hiyo tangu nilipotengeneza amplifaya yangu ya kwanza. Nikazibana zote kwenye bomba lilelile la koili, bega kwa bega, risasi, mpira, silikoni, mpira. Nikafunga ukuta.

Usiku ule tukazima tena nyumba. Safari hii mke wangu alitoka na mkeka akakaa nasi, nadhani kwa kuona heri mbu kuliko joto. Saa tisa kasoro kompresa ikanyamaza. Mtoto akaanza kuhesabu kwa sauti. Kumi na tano zikapita, akanitazama. Thelathini. Hamsini. Maji yakaanza kusikika yakidondoka kwenye trei nyuma ya friji, to, to, to, kitu ambacho hatukuwahi kukisikia miezi yote ile. Taa ilikoma kwenye konyezo la 63. Dakika 21.

Huu ni mwezi wa tatu tangu nizifunge. Umeme umekatika mara nyingi na hakuna aliyefurahi. Yule fundi friji alipita wiki jana kununua ubuyu, nikamuonyesha ile sensa iliyopasuka. Akaikagua juani muda mrefu, akaomba nimwelekeze ile ya glasi, nikamwelekeza, akaondoka na vifuko vitano vitupu.

Sensa halisi ya 10K nimeshaipata, iko kwenye droo pamoja na transista zangu. Kila nikigusa bisibisi ya nyota mke wangu anauliza naenda wapi nayo.